Kosa Hulipwa na Nani: Historia ya Chombo cha Kwanza cha Maji Makali

Mwaka 1960 wapiga mbizi walishuka chini ya maporomoko ya Horsetail, katika mto Granite unaopita mpakani mwa Minnesota ya Marekani na Ontario ya Kanada, wakaibuka na sufuria 17 za shaba ya manjano. Zilikuwa zimepachikwa moja ndani ya nyingine, kubwa ikimeza ndogo, vilevile kama muuza vyombo anavyozipanga dukani kwake asubuhi. Zilikuwa bidhaa, zikipelekwa bara kubadilishwa na ngozi za wanyama wa manyoya, na kanuu iliyozibeba ilipinduka hapo hapo. Gome lililounda kanuu hiyo lilioza zamani. Shaba haiozi, ikabaki kwenye changarawe kama stakabadhi ya kosa la dakika moja.

Mtu anayetafuta chombo chake cha kwanza cha kushukia mto wa maji makali, chombo cha kukaa peke yake, hupewa swali moja na karibu kila anayemwomba ushauri: kayaki au kanuu? Kayaki imefunikwa juu. Mtu hukaa miguu kainyoosha mbele, kafi lake lina bapa huku na huku, na sketi ya mpira humfunga kiunoni ili maji yasiingie. Kanuu iko wazi. Mtu hupiga magoti, na kafi lake lina bapa moja. Swali hilo huulizwa kana kwamba ni la mapenzi ya mtu, kama kuchagua baina ya chai ya rangi na ya maziwa. Ninaamini historia ya vyombo hivi inatuonyesha swali lililo chini yake, ambalo ndilo lililoamua mambo kwa muda wote: nikikosea ndani ya chombo hiki, nani atalipa? Anayejifunza atakosea tu, hata kama ana mwalimu hodari. Zama moja zililipia kosa kwa mzigo, nyingine kwa mwili wa mtu, nyingine kwa jioni nzima ya kuziba nyufa, na ni hivi karibuni tu ambapo chombo chenyewe kilianza kulipa kidogo na kubaki kizima. Ninadai pia kwamba kayaki haikuwa chombo cha kawaida cha mwanafunzi kwa sababu umbo lake ni bora kuliko la kanuu. Ilifika hapo kwa sababu umbo lake lilikubaliana na tanuri.

Tuanze na gome. Wenyeji wa misitu ya kaskazini mwa Amerika, Waanishinaabe wakiwemo, walibandua gome la mti wa betula likiwa pande kubwa, wakalishona kwa mizizi ya msonobari, na kuziba maungio kwa utomvu uliochemshwa pamoja na mafuta. Fundi wa kalafati wa Lamu angeielewa kazi hiyo bila mkalimani, ingawa yeye hutumia pamba pale wenzake walipotumia utomvu. Wafanyabiashara wa manyoya waliichukua kanuu hiyo wakairefusha hadi kufikia mita 11 hivi, iweze kubeba tani kadhaa za mzigo. Sifa yake kuu ilikuwa wepesi. Watu wanne waliweza kuibeba mabegani kubwa kabisa kati yake, na ikitoboka, dawa ya kuitibu ilikuwa imesimama kwenye ukingo wa mto ikiota. Aibu yake ni kwamba jiwe moja lenye ncha lilitosha kuichana. Kwa hiyo ustadi wa mabaharia wa kanuu ulikuwa zaidi wa macho na miguu: kushuka, kuyatazama maporomoko kutoka juu ya mwamba, kisha kuamua kubeba. Kila mtu alibeba mafurushi mawili kwa mkupuo, kila furushi likikaribia kilo 41, na safari ya kwenda na kurudi ilirudiwa mpaka mzigo umalizike. Mtu aliyekwisha kufanya hivyo mara tano kwa siku anaweza kueleweka akitazama maji na kusema yanapitika. Misalaba ya mbao ilisimikwa kando ya maporomoko mengi ya njia hizo, na sufuria za Horsetail ni ushahidi wa uamuzi wa namna hiyo. Kanuu ya gome ilikuwa nyepesi kurekebishwa, lakini katikati ya mkondo haikusamehe chochote.

Mtumbwi wa gogo ulisamehe jiwe na kuadhibu kila kitu kingine. Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya kuijua habari hii, maana kati ya waliolipa gharama yake walikuwamo watu wa pwani yetu. Msafara wa Henry Morton Stanley uliotoka Unguja mwaka 1874 uliufuata mto Kongo mpaka baharini, na mwaka 1877 ukakutana na maporomoko ya chini ya mto huo ukiwa na mitumbwi mizito ya magogo pamoja na Lady Alice, boti ya mbao iliyotengenezwa Uingereza kwa vipande vya kuunganishwa. Tarehe 29 Machi mtumbwi alimokuwa Kalulu, kijana aliyekuwa ameandamana na Stanley tangu safari ya awali, ulichukuliwa na mkondo ukapita juu ya maporomoko pamoja na wote waliokuwamo. Tarehe 3 Juni akafa Frank Pocock, Mwingereza wa mwisho aliyekuwa amebaki pamoja na Stanley. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, Uledi, msukani wa Lady Alice, aliyatazama maji ya Massassa akasema hayapitiki, na Pocock, ambaye vidonda vya miguu vilimzuia kutembea, akashikilia kwamba wapite. Ni maelezo ya kiongozi anayejieleza mbele ya umma wake, na yasomwe hivyo. Hata hivyo, jambo moja ndani yake halina shaka: Uledi alikuwa na jicho la kusoma maji, na jicho hilo halikutosha. Gogo la mita nyingi likishashikwa na mkondo halina pa kugeukia, halielei vizuri likijaa maji, na watu kumi waliomo hawawezi kugeuza uamuzi wa mmoja wao. Uledi alinusurika siku hiyo, na Stanley aliandika kwamba alikuwa amewaokoa wengi katika safari ile. Ustadi wake ulilipa madeni ambayo chombo kiliyakopa.

Hapa mtu aweza kuleta pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Atasema kwamba Wagreenland walilitatua tatizo hili bila tanuri wala kiwanda. Mwindaji wa Greenland alikalia kayaki ya ngozi ya sili iliyotandazwa juu ya fremu ya magogo yaliyoletwa na bahari, kwa kuwa nchi yake haina miti ya kukata. Wanawake waliishona ngozi hiyo kwa mshono usiopitisha maji, na vipimo vya fremu vilitoka kwenye mwili wa mwenye chombo: urefu wa mikono yake, upana wa nyonga zake, ngumi yake. Akipinduka, hakutoka. Alijibinua kwa pigo moja la kafi akarudi juu, kwa sababu kutoka chomboni katika maji yale ya barafu kulikuwa ni kifo. Basi, atasema mpingaji, dawa ya kosa ni ujuzi, wala chombo hakina habari. Ninakubali nusu. Kujibinua ni uvumbuzi mkubwa kuliko wowote utakaotajwa katika insha hii, na kila mwanafunzi wa kayaki leo anaukopa. Lakini angalia ulifundishwa vipi. Mwindaji alianza utotoni, katikati ya watu ambao wote walijua, ndani ya chombo kilichoshonwa kwa ajili yake tu. Mwaustria Hans Edi Pawlata, anayehesabiwa kuwa Mzungu wa kwanza kujibinua, alijifunza kwenye ziwa Weissensee mwaka 1927 akiwa mtu mzima, akitegemea maelezo ya wasafiri waliotoka kaskazini. Alijifunza kwenye ziwa, maji yakiwa yametulia. Mwingereza Gino Watkins alijifunza Greenland kwenyewe, akafikia kuwinda kwa kayaki kama wenyeji, na bado akafa maji huko mwaka 1932 akiwa peke yake. Ujuzi wa namna ile ni mali ya jamii nzima. Mtu anayenunua chombo akiwa na miaka 30, mwenye Jumamosi mbili kwa mwezi, hawezi kuununua pamoja nacho.

Ulaya iliichukua kayaki kwanza kama jina na umbo, bila ule ujuzi. Mwaka 1865 wakili Mskoti John MacGregor alitengenezewa chombo cha mwaloni chenye sitaha ya mwerezi, urefu kama mita 4.5, akakiita Rob Roy. Alizunguka nacho mito na maziwa ya Ulaya akikipakia kwenye treni na mikokoteni, na kitabu alichokitoa mwaka uliofuata kiliwafanya wengi watamani kufanya vivyo hivyo. Yeye alikiita kanuu, ingawa kilifunikwa juu na kafi lake lilikuwa na bapa mbili, na mpaka leo Mwingereza anaweza kusema kanuu akimaanisha kayaki. Mvurugano huo wa majina una faida kwa hoja yangu, maana unaonyesha kwamba mpaka baina ya vyombo hivi viwili ulikuwa laini kuliko unavyochorwa sasa.

Kilichobadilisha mambo zaidi ni kitambaa. Mwaka 1905 Alfred Heurich, mwanafunzi wa usanifu majengo mjini München, aliunda boti ya fremu ya mianzi iliyovishwa turubai, ya kukunjwa na kubebwa, akaijaribu kwenye mto Isar. Miaka miwili baadaye haki ya kuitengeneza ilichukuliwa na Johannes Klepper wa Rosenheim, ambaye kazi yake ilikuwa ushonaji. Linapendeza jambo hilo: chombo kilichozaliwa mikononi mwa wanawake washonaji wa Greenland kiliingia Ulaya ya viwanda kupitia mkono wa fundi cherehani. Boti ya kukunja ilimwezesha karani asiye na gari kupanda treni Jumamosi, kuifungua kando ya mto wa milimani, kushuka, na kurudi nyumbani kwa treni nyingine. Kwa mara ya kwanza watu wengi wa mjini walishuka maji makali kwa raha zao tu, bila mzigo wala mawindo. Na kosa? Lililipwa na fremu. Jiwe lilivunja ubavu wa mwanzi au kuchana turubai, mtu akatoka akiwa mzima, akafunga kambani alichobaki nacho, akatembea hadi kituoni. Kulikuwa na hasara, lakini ni hasara ya sindano na uzi. Nadhani ndiyo sababu Ulaya iliegemea kayaki muda mrefu kabla ya plastiki. Sitaha ya turubai ilizuia maji, na mshono ulipunguza bei ya makosa.

Marekani ilichukua njia nyingine. Mwaka 1937 Buzz Holmstrom, mhudumu wa kituo cha mafuta huko Oregon, alijitengenezea boti ya makasia kwa mbao za mwerezi, akashuka nayo peke yake mito Green na Colorado kwa zaidi ya kilomita 1,600, akipitia Grand Canyon. Maporomoko machache tu aliyapita kwa kuibeba au kuiburuta kando. Kwake chombo cha kwanza hakikuwa kitu cha kuchagua. Kilikuwa kitu cha kupanga, kuranda na kugongomelea. Kando ya njia hiyo ya watu wa pekee, njia pana ilikuja baada ya vita. Mwaka 1945 kiwanda cha ndege za kivita cha Grumman kilianza kutoa kanuu za alumini. Hazikuoza, hazikuvuja, zikawekwa kwenye kambi za vijana kwa maelfu. Kasoro yake iko katika tabia ya alumini yenyewe: ikigusa mwamba, haitelezi. Inang'ang'ania, inasimama kimshazari, maji yanaipanda upande wa juu, na chombo kinakunjwa kwenye jiwe kama kipande cha bati.

Faiba ilifika Ulaya katika miaka ya 1950, nayo ikamweka kila mtu katika nafasi ya Holmstrom kwa bei rahisi. Ukiwa na kalibu ya kuazima, matandiko ya nyuzi za kioo na ndoo ya resini, ungeweza kuunda kayaki yako kwenye banda la nyumbani kwa siku chache. Kalibu ilizunguka kutoka klabu hadi klabu. Mwaka 1960 Mjerumani Walter Kirschbaum alishuka Grand Canyon yote kwa kayaki aliyoiunda mwenyewe, bila kubeba chombo penye maporomoko yoyote. Na bado swali la mwanafunzi lilijibiwa na mtu mwingine kwa niaba yake. Kanuni za mashindano ya slalomu zilitaka kayaki ya mtu mmoja iwe na urefu usiopungua mita 4 na upana usiopungua sentimita 60, kwa hiyo kalibu zilizokuwapo zilikuwa za kipimo hicho. Mchezo huo ulipoingizwa katika Olimpiki ya München mwaka 1972, kwenye mfereji wa kutengenezwa huko Augsburg, Ujerumani Mashariki ilijenga mfano wa mfereji huo kwake Zwickau kwa mazoezi, ikachukua medali zote nne za dhahabu. Ushindi wa aina hiyo huamua umbo la boti zinazonakiliwa. Mwanafunzi akarithi chombo cha mshindani: chembamba penye omo na tezi ili kipite chini ya miti inayoning'inia ya mageti ya mashindano, chepesi, chenye kuta za kuvunjika.

Aliilipa faiba kwa saa zake. Boti ikitoka mtoni na ufa, ilipasa ikaushwe, sehemu ikwanguliwe mpaka ipaukie, kitambaa cha kioo kikatwe kikiwa kikubwa kidogo kuliko ufa, resini ichanganywe na kigandishaji kwa kiasi sahihi, ipakwe kwa brashi, na mapovu ya hewa yakandamizwe yatoke. Nyuzi zilizochomoza ziliingia kwenye vidole na kuwasha kwa siku mbili. Mwenye bidii aliweza kuyafanya hayo kila wiki, na wapo wanaosema ndiyo yaliyowafanya watu wa zama zile kuwa hodari: aliyejua gharama ya jiwe alijifunza kulikwepa. Sina shaka lilikuwa kweli kwa waliobaki mchezoni. Walioacha baada ya ufa wa tatu hawakuacha kumbukumbu, na hoja inayohesabu waliobaki pekee haiwezi kutuambia faiba ilifundisha kiasi gani na ilifukuza wangapi. Mwaka 1976 kundi la Waingereza lililoongozwa na Mike Jones lilishuka Dudh Kosi, mto unaotoka chini ya Everest, kwa kayaki za faiba. Hilo lathibitisha uwezo wa watu wale. Halithibitishi kwamba chombo kile kilimfaa anayeanza.

Wakati wao wakiwa Nepal, jibu lilikuwa limekwisha kupikwa California. Mwaka 1973 kampuni ya Hollowform ilianza kutoa River Chaser, kayaki iliyochorwa na Tom Johnson na kutengenezwa kwa plastiki ya polithini ndani ya kalibu inayozunguka. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaijua njia hiyo hata kama hajalisikia jina lake, maana ndiyo inayotengeneza matangi meusi ya maji yaliyo juu ya mapaa yetu. Unga wa plastiki hutiwa ndani ya kalibu ya chuma iliyo tupu, kalibu hufungwa, huingizwa katika tanuri na kuzungushwa huku ikibinuliwa, unga ukayeyuka na kujipaka kwenye kila pembe. Ikipoa, kinatoka kitu chenye uwazi ndani, kipande kimoja, kisicho na maungio. Na hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Njia hii inataka umbo lililofungwa. Tangi limefungwa pande zote, ndiyo maana ukuta mwembamba wa plastiki laini unabeba maelfu ya lita. Kayaki nayo imefungwa isipokuwa tundu la kukalia, kwa hiyo sitaha na tumbo hushikana na kujitia nguvu. Kata sitaha hiyo uiondoe, upate umbo la kanuu, na ukuta ule ule utalegea na kucheza kama karai la plastiki lililojazwa maji. Kanuu ilihitaji ukuta wa tabaka kadhaa, na hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine.

Ukuta huo ulipatikana. Uliitwa Royalex, bamba lenye povu gumu katikati na plastiki ngumu pande zote mbili, lililotoka kwenye viwanda vya Uniroyal. Bamba lilipashwa joto, likanyonywa ndani ya kalibu, na kanuu iliyotoka iliteleza juu ya mwamba mahali ambapo alumini ingeng'ang'ania, ikikunjwa ikarudi. Ilikuwa bidhaa nzuri kuliko zote zilizowahi kutumiwa kwa kanuu ya maji makali, nasema hivyo bila kusita. Lakini bamba lilitoka kwa mtengenezaji mmoja, nao wanunuzi wengi walitaka kanuu ya watu wawili ya kwenda kuvua samaki na watoto. Kanuu fupi ya mtu mmoja, yenye mikanda ya mapaja, tandiko la sponji na mifuko ya hewa omo na tezi, ilikuja baadaye ikiwa bidhaa ya wachache, huku kampuni ya Perception ya South Carolina ikimwaga kayaki za plastiki sokoni, Dancer ikiwa maarufu kuliko zote katika miaka ya 1980.

Pingamizi la pili linatokea hapo. Je, si kweli kwamba kayaki ni rahisi kujifunza, na ndiyo maana ilishinda? Bapa mbili humpa mwanafunzi pigo la kila upande, na anakaa chini karibu na maji, hivyo hayumbi sana. Kweli. Ila ulinganifu huo huishia mahali mtu anapopinduka, na mwanafunzi hupinduka mapema. Katika kayaki anajikuta kichwa chini, kafungwa kiunoni, akihitaji kukumbuka kwa utulivu kuvuta kitanzi cha sketi. Katika kanuu anadondoka tu. Hasara ya kanuu ni ya baadaye: chombo kilichomeza lita 300 kina kilo 300 za maji ndani yake, na hakuna mtu anayekizuia hicho kisimkandamize kwenye mwamba. Mifuko ya hewa hupunguza sehemu kubwa ya maji hayo kwa kuchukua nafasi yake. Basi kayaki ni rahisi katika saa ya kwanza ya kupiga makafi, na kanuu ni rahisi katika dakika ya kwanza ya kuanguka. Ubora wa wazi haupo. Kilichokuwepo ni tofauti ya bei na ya wingi madukani, na hivyo viwili vilitoka tanurini.

Wengine hulaumu plastiki kwa kuleta ujasiri usio na msingi. Boti isiyovunjika, wanasema, humpeleka mtu pale ambapo faiba ingemrudisha nyumbani. Lawama hii ninaiheshimu, kwa kuwa ilikuwa na makaburi. Kayaki za plastiki za mwanzo zilikuwa laini. Zikibanwa kwenye jiwe na mkondo mzito, sitaha ilibonyea juu ya miguu, na faiba ambayo ingepasuka na kumwachia mtu ilikuwa imebadilishwa na kitu kinachokunjika na kumshika. Lakini tazama nini kilifanyika baada ya hapo. Nguzo za povu gumu ziliwekwa ndani kuinua sitaha. Tundu la kukalia likarefushwa ili mtu aweze kuinua magoti na kutoka hata maji yanapomsukuma mgongoni. Plastiki iliondoa bei moja ya kosa na kufunua nyingine iliyokuwa imejificha nyuma yake, ndipo mafundi wakaishughulikia hiyo ya pili. Ni katika miaka ya 1990 ambapo ninaona waliyumba kweli: boti zilifupishwa zikakaribia mita 2, matumbo yakawa bapa yenye kingo kali ili bingwa acheze juu ya wimbi. Ukingo huo ukiguswa na maji ya pembeni humpindua mwanafunzi kabla hajajua nini kimemgusa. Kwa mara nyingine aliuziwa chombo cha bingwa, kama baba yake alivyouziwa cha slalomu. Kayaki za mto zenye omo lililoinuka na kingo laini zilizorudi baadaye zilikuwa ni kusahihisha kosa la watengenezaji.

Mto nao una sauti katika bei. Nile pale Jinja, Uganda, ni maji mengi, ya vuguvugu, yenye kina chini ya mawimbi makubwa, na mahali pengi baada ya maporomoko huja dimbwi tulivu. Mwanafunzi anayepinduka hapo hugongana zaidi na maji kuliko na miamba, hata chombo kifupi huvumilika. Kijito cha milimani chenye mawe kila hatua hakimpi nafasi hiyo. Bwawa la Bujagali lililokamilika mwaka 2012, kisha la Isimba mwaka 2019, yamefunika sehemu kubwa ya maporomoko yale ya Jinja, na pamoja nayo mojawapo ya mahali pachache duniani ambapo kosa lilikuwa la bei nafuu kwa ukarimu wa mto wenyewe.

Royalex iliacha kutengenezwa mwaka 2014. Mmiliki mpya wa bamba hilo alikuwa ameinunua biashara hiyo mwaka uliotangulia na kuona mauzo hayatoshi, na kwa kuwa hapakuwa na mtengenezaji wa pili, kanuu nyingi zilizopendwa zilitoweka kwenye orodha za viwanda kwa msimu mmoja. Kwa hiyo anayechagua kanuu ya kwanza ya maji makali sasa mara nyingi anachagua chombo kilichokwisha kutumika. Anaigeuza juu chini, anatazama kwanza omo na tezi, pale ngozi ya nje ilipolika kwa miaka ya kusugua mawe, aone kama povu limeanza kuchungulia. Kisha anapitisha kiganja kwenye tumbo akitafuta mkunjo, ule mstari hafifu unaobaki mahali chombo kilipokunjwa juu ya mwamba kikarudi, na mtu wa kabla yake akatoka mzima.